Nakala Milioni 300 Maana Yake Nini? Dhana Potofu kuhusu Gemu Zilizouzwa Kuliko Zote

Orodha ya gemu za kompyuta zilizouzwa zaidi duniani inapotajwa, hufuatwa na mabishano yaleyale: ipi ni ya kwanza, nani ametajirika, na ipi ilianguka vibaya. Mabishano hayo yana faida, kwa sababu biashara ya gemu imekua kiasi cha kustahili kuchunguzwa kwa makini uleule tunaoutumia tunapozungumzia bei ya kahawa au mapato ya filamu. Hata hivyo, mengi yanayosemwa yanategemea neno moja ambalo wasemaji hawalifafanui, nalo ni "nakala". Naamini kwamba makosa mengi yanayosambazwa kuhusu mafanikio ya gemu yangetoweka kama tungeuliza kwanza nakala hizo zilihesabiwaje, na nani alizihesabu.

Dhana: Kila nakala iliyouzwa ni mtu mmoja aliyeingia dukani akalipa.

Ukweli: Kampuni nyingi zinapotangaza mauzo, huhesabu nakala zilizopelekwa kwa wauzaji wa rejareja, kisha zikajumlisha zile zilizopakuliwa kupitia intaneti. Take-Two Interactive, kampuni inayomiliki Rockstar Games, watengenezaji wa Grand Theft Auto, hutoa hesabu za namna hiyo, na Nintendo ya Japani vilevile. Kwa hiyo nakala iliyokaa rafuni bila mnunuzi imekwisha kuingizwa kwenye tangazo. Zipo pia gemu zilizofungashwa pamoja na mashine ya kuchezea yenyewe. Wii Sports ya mwaka 2006 inahesabiwa kuwa na nakala karibu milioni 83, lakini katika nchi nyingi nje ya Japani ilikuwa ndani ya boksi la Wii, mashine ya Nintendo, na aliyenunua mashine aliipata akitaka asitake. Sisemi kwamba gemu hiyo haikupendwa, maana nchini Japani, ambako iliuzwa peke yake, watu waliinunua kwa mamilioni. Ninachosema ni kwamba takwimu yake haiwezi kuwekwa kando ya takwimu ya gemu ambayo kila nakala yake ilichaguliwa na kulipiwa, kisha tukadai kwamba tumepima kitu kimoja.

Dhana: Gemu iliyouzwa kuliko zote ni Tetris.

Ukweli: Tetris ilibuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Muungano wa Kisovieti mjini Moscow. Wenye haki zake wamewahi kutaja zaidi ya nakala milioni 500. Idadi hiyo ni jumla ya matoleo mengi mno, yaliyotengenezwa na kampuni mbalimbali kwa mashine mbalimbali katika muda wa miongo kadhaa, na sehemu kubwa yake ni upakuaji wa kwenye simu. Toleo mashuhuri kuliko yote, lile la Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, la mwaka 1989, lilifikia nakala milioni 35 hivi, nalo pia lilifungashwa na mashine katika masoko ya Marekani na Ulaya. Kulinganisha jumla ya Tetris zote na gemu moja ni sawa na kulinganisha khanga zote zilizowahi kupigwa chapa na khanga za jina moja.

Tukihesabu gemu moja moja, anayeongoza ni Minecraft, ambayo Oktoba 2023 ilitangazwa kuwa imevuka nakala milioni 300. Inafuatiwa na Grand Theft Auto V, iliyovuka nakala milioni 200.

Dhana: Gemu moja mbaya ya kampuni ya Marekani ya Atari, iitwayo E.T., iliua biashara nzima ya gemu mwaka 1983.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, na inanisikitisha kwa sababu inamtwika mtu mmoja kosa la wengi. Ni kweli kwamba Howard Scott Warshaw, mwandishi wa programu wa Atari, alipewa muda wa takribani wiki tano tu kuitengeneza gemu hiyo, ili iwahi msimu wa Krismasi wa mwaka 1982. Ni kweli pia kwamba Atari ililipa mamilioni ya dola kupata haki ya kutumia jina la filamu ya E.T., na kwamba wachezaji wengi walichoshwa na namna mhusika alivyokuwa akitumbukia shimoni kila mara. Linalosahaulika ni kwamba E.T. iliuza takribani nakala milioni 1.5, kiasi ambacho kwa miaka ile kiliiweka miongoni mwa gemu zilizouzwa sana. Ilianguka kwa sababu Atari ilikuwa imetengeneza mamilioni ya kaseti kupita mahitaji ya wanunuzi, na zilizobaki zikarudishwa na wenye maduka. Gemu moja, basi, iliuzwa sana na wakati huohuo ikaleta hasara. Anayeamini kwamba idadi ya nakala inatosha kueleza mafanikio hana budi kuutafakari mfano huu.

Tarehe nazo zinapinga dhana hii. Tarehe 7 Desemba 1982, kampuni mama ya Atari, Warner Communications, ilitangaza kwamba faida yake isingekua kwa kiwango kilichotarajiwa, na siku iliyofuata thamani ya hisa zake ikashuka kwa takribani theluthi moja. Wakati huo E.T. ilikuwa ndiyo kwanza inaingia madukani na msimu wa kurudisha kaseti haujafika. Ugonjwa ulikuwa umeanza zamani. Soko la Marekani lilikuwa na mashine nyingi zilizokuwa zikigombea wateja walewale, zikiwemo Atari 2600, Intellivision na ColecoVision. Baada ya waliokuwa waandishi wa programu wa Atari kuanzisha Activision mwaka 1979, kampuni nyingine nyingi zilifuata njia hiyo na kumwaga gemu za haraka haraka bila mtu wa kuchuja ubora wake. Kompyuta za nyumbani, hasa Commodore 64, ziliposhuka bei, mzazi alianza kujiuliza kwa nini anunue kifaa cha kuchezea tu. Maduka yalipojaa kaseti zisizonunuliwa, wauzaji waliziteremsha bei hadi gemu nzuri nazo zikashindwa kujilipia. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na hakuna kaseti moja inayoweza kubeba lawama ya hasara kubwa kiasi hicho.

Ile habari ya kaseti kufukiwa jangwani ni ya kweli. Atari ilizitupa katika dampo la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, mwezi Septemba 1983. Dampo hilo lilipofukuliwa Aprili 2014, zilikutwa gemu za majina mengi, zikiwemo zilizopendwa sana kama Centipede na Defender, na E.T. ilikuwa sehemu ndogo tu ya mzigo uliotolewa. Wala biashara ya gemu haikufa duniani kote. Julai 1983, wakati Wamarekani wakihesabu hasara, Nintendo ilizindua mashine yake ya Famicom nchini Japani, na nchini Uingereza vijana walikuwa wakiandika na kuuza gemu za kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum bila kuyumbishwa sana na yaliyokuwa yakitokea ng'ambo.

Dhana: Gemu hupimwa kwa mauzo ya siku zake za kwanza.

Ukweli: Grand Theft Auto V ilitolewa tarehe 17 Septemba 2013 na kuingiza dola milioni 800 siku ya kwanza, kisha ikavuka dola bilioni 1 ndani ya siku tatu. Watu wengi huishia hapo wanapoieleza. Lakini hadi mwanzoni mwa mwaka 2014 nakala zilizopelekwa sokoni zilikuwa milioni 32.5, ilhali leo zimezidi milioni 200. Maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi mbili, tena kwa mbali, ziliuzwa baada ya kelele za uzinduzi kutulia. Gemu hiyo ilitolewa upya kwa PlayStation 4 na Xbox One mwaka 2014, kwa kompyuta mwaka 2015, na kwa mashine za kizazi kilichofuata mwaka 2022, hivyo mtu aliyebadilisha mashine mara mbili huenda ameinunua mara tatu. Juu ya hayo kuna sehemu yake ya kucheza mtandaoni, ambamo wachezaji hununua pesa za ndani ya gemu kwa pesa halisi, na mapato hayo hayaonekani kabisa katika idadi ya nakala. Among Us nayo ilitoka mwaka 2018 na kukaa karibu miaka miwili bila kuvuma, hadi janga la korona lilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, ndipo ikaenea dunia nzima.

Dhana: Gemu ya bure haina biashara.

Ukweli: Nyaraka zilizotolewa mahakamani katika kesi ya Epic Games dhidi ya Apple mwaka 2021 zilionyesha kwamba Fortnite, gemu ya Epic ambayo sehemu yake maarufu huchezwa bure, iliingiza zaidi ya dola bilioni 9 katika miaka ya 2018 na 2019 pekee. Wachezaji walilipia mavazi ya wahusika wao, mitindo ya kucheza dansi na vitu vingine vya mapambo. Katika orodha ya nakala zilizouzwa, gemu kama hii haina hata nafasi.

Dhana: Ukizidisha bei kwa idadi ya nakala unapata faida ya mtengenezaji.

Ukweli: Duka la mtandaoni la Steam hukata asilimia 30 ya mauzo. Tangu mwaka 2018 kiwango hicho hushuka hadi asilimia 25 baada ya gemu kuingiza dola milioni 10, na asilimia 20 baada ya dola milioni 50, utaratibu unaowafaa wakubwa kuliko wadogo. Nakala nyingi pia huuzwa nyakati za punguzo kwa sehemu ndogo ya bei ya mwanzo. Halafu kuna gharama. Tomb Raider ya mwaka 2013 iliuza nakala milioni 3.4 katika muda usiofika wiki nne, na bado mchapishaji wake, Square Enix, akatangaza kwamba mauzo hayo hayakufikia malengo yake. Mtengenezaji mdogo angepata nakala hizo angewalipa wafanyakazi wake kwa miaka mingi.

Dhana: Gemu kubwa huzaliwa na kampuni kubwa tu.

Ukweli: Markus Persson wa Sweden alianza kuionyesha Minecraft hadharani Mei 2009, akiuza kwa bei nafuu toleo ambalo halijakamilika na kutumia fedha hizo kuliendeleza, bila mchapishaji na bila matangazo ya kulipia. Nakala milioni 1 zilikuwa zimeuzwa kufikia Januari 2011, miezi kadhaa kabla ya gemu kutangazwa kuwa imekamilika. Wapo wanaodhani kwamba Microsoft ndiyo iliyoikuza, lakini kampuni hiyo ilipoinunua Mojang, kampuni ya Persson, kwa dola bilioni 2.5 mwaka 2014, nakala zilizouzwa zilikuwa tayari zimezidi milioni 50. Eric Barone wa Marekani alifanya kazi peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Aliandika programu, akachora na kutunga muziki wa Stardew Valley, huku kwa muda fulani akijipatia riziki kwa kuwaelekeza watu viti katika ukumbi wa maonyesho. Gemu hiyo ilitoka Februari 2016, na kufikia Desemba 2024 ilikuwa imeuza nakala milioni 41.

Hapa ninawaonya vijana wanaojifunza kutengeneza gemu wasichukue mifano hii kama ahadi. Mwaka 2024 pekee, zaidi ya gemu 18,000 mpya ziliwekwa kwenye Steam, na zile ambazo hazikupata wanunuzi hakuna anayezisimulia. Hata aliyefanikiwa si lazima apate haki yake kwa wakati. Haki za Tetris zilikuwa mikononi mwa taasisi za serikali ya Kisovieti, na Pajitnov alisubiri hadi mwaka 1996, miaka 12 baada ya ubunifu wake, ndipo alipoanza kupata malipo ya hakimiliki kupitia kampuni aliyoianzisha pamoja na mfanyabiashara wa gemu Henk Rogers.

Dhana: Afrika Mashariki hakuna soko la gemu, kwa kuwa mauzo yake hayaonekani.

Ukweli: Idadi ya nakala haikubuniwa kupima namna tunavyocheza. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 inahesabiwa kuwa iliuza nakala milioni 27.5, na katika hesabu hiyo hawamo vijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa walioicheza kwenye kompyuta ya rafiki kwa CD iliyonakiliwa. Katika vibanda vya gemu vya mitaani, diski moja ya mpira wa miguu iliyonunuliwa na mwenye kibanda huchezwa na mtaa mzima, na kila mchezaji hulipa kwa mechi au kwa dakika. Fedha hizo ni halisi, zinalipa kodi ya chumba na umeme, ila kwa kampuni iliyotengeneza gemu zote zinaonekana kama mauzo ya diski moja. Gemu za bure za kwenye simu ndizo zilizoanza kubadili hali hiyo, kwa sababu kila anayeipakua na kuifungua huingia katika takwimu za mtengenezaji pamoja na nchi aliyomo, hata kama bado hajalipia kitu ndani yake.