The Weavers hawakuvunjwa na fedha

Kila korali yetu ya Kamalondo inapoimba "Wimoweh", kuna mzee hapa Lubumbashi anayetuambia kwamba The Weavers, kundi la Wamarekani waliouimba wimbo huo, walivunjika kwa kugombania fedha. Namheshimu sana mzee huyo, lakini mambo hayakuwa hivyo.

Pete Seeger, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman walianza kuimba pamoja New York mwaka 1948. Miaka miwili baadaye, "Goodnight, Irene", wimbo waliojifunza kwa mwimbaji Lead Belly, ulishika namba moja Marekani kwa wiki 13. Kisha ikaja hofu ya ukomunisti. Mwaka 1952, Harvey Matusow, mpelelezi wa kulipwa, aliwataja kwa ukomunisti mbele ya kamati ya bunge. Redio na televisheni zikawafungia milango, kampuni ya Decca ikaacha kuuza santuri zao, wenye kumbi wakaogopa kuwaalika. Baadaye Matusow mwenyewe alikiri kusema uongo katika ushahidi wake. Wale wanne walikuwa wamenyimwa mahali pa kuimbia, basi.

Wengine hudhani waliishia hapo. Desemba 1955 waliimba tena Carnegie Hall, ukumbi ukajaa. Mwaka 1958 Seeger aliondoka: wenzake walikubali kuimba tangazo la sigara, yeye roho ikamkataza. Wengine wakashika nafasi yake mpaka kundi lilipovunjika mwaka 1964.

Linaloniuma zaidi ni kusikia vijana wetu wakisema "wimoweh" ni kelele tu za Wamarekani, na kwamba wimbo wa asili hauna mwenyewe. Wimbo huu una mwenyewe. Solomon Linda na kundi lake, Evening Birds, walirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Kwa Kizulu waliimba "uyimbube", yaani "wewe ni simba". Sisi hapa tungesema "uko simba". Seeger aliusikia kwenye santuri, sikio likamdanganya, akaandika "wimoweh". Linda aliuuza wimbo kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walifikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006 tu, miaka 44 baada ya kumzika baba yao.

Kwa hiyo katika mazoezi yetu sauti ya nne sasa inatamka "uyimbube", na kabla ya kuanza tunataja jina la Linda.