Kidonge cha omega hakifuti karai la alizeti

Jirani yangu ameingia kwenye mlo wa mababu (paleo), yaani kula kama watu wa kabla ya kilimo. Ugali kaacha, chapati kaacha, maharage pia. Anakula nyama, mayai, mboga na korosho, na kila asubuhi anameza kidonge cha mafuta ya samaki "kusawazisha omega", yaani omega-3 na omega-6, aina mbili za mafuta ya kwenye chakula. Juzi nikamkuta anakaanga vibua, alizeti imejaa karai. Tukaanza kubishana palepale jikoni.

Dhana: Kidonge cha miligramu 1,000 kina omega-3 miligramu 1,000.
Tuligeuza kopo lake. Nyuma, kwa herufi ndogo: EPA 180, DHA 120, ambazo ndizo omega-3 za samaki. Yaani 300 tu. Zilizobaki ni mafuta mengine ya samaki. Vidonge vingi vya kawaida viko hivyohivyo. Sahani moja ya dagaa wa baharini inaweza kufikia vidonge vitatu, na unashiba.

Dhana: Omega-6 ni sumu ya kisasa.
Hapana. Asidi ya linoleiki, omega-6 kuu ya kwenye chakula, mwili hauwezi kuitengeneza; ukiikosa kabisa, ngozi inakauka na kubanduka magamba. Wala majaribio kwa watu hayajaonyesha kwamba kuila kunapandisha uvimbe wa kinga ya mwili (inflammation) kama inavyodaiwa. Ila omega-6 na omega-3 ya mimea hugombea vimeng'enya vilevile (protini zinazobadili mafuta mwilini), na hapo wingi una maana. Kijiko kimoja cha chakula cha alizeti ya kawaida kina takriban gramu 8 za linoleiki na omega-3 karibu hakuna. Kidonge chake kina gramu 0.3. Sasa hesabu karai. Vibua vyenyewe vina omega-3 nzuri tu. Angevipika chukuchuku, ndimu na pilipili, mzozo ungeishia hapo.

Korosho nazo zina omega-6, kwa hiyo bakuli zima kila jioni si jambo dogo. Nazi haina omega-3 wala omega-6 ya maana. Lawama yake ni mafuta yaliyoshiba, na hiyo ni kesi nyingine.

Dhana: Mbegu za chia zinatosha badala ya samaki.
Zina omega-3, lakini ya aina ya ALA, ile ya mimea. Mwili hugeuza sehemu ndogo tu kuwa EPA, na ndogo zaidi kuwa DHA.

Dhana: Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, walikula mafuta ya samaki na sili (mnyama wa baharini), nasi tuwaige.
Hoja hii ilivuma baada ya Wadenmaki Bang na Dyerberg kwenda Greenland kupima damu za watu miaka ya 1970. Mwaka 2015 uchunguzi wa jeni ukaonyesha kwamba Wainuit wa huko wana mabadiliko ya kurithi kwenye jeni zinazoshughulikia mafuta haya. Mababu wa nani, basi? Wa Kilwa hawakuwahi kumwona sili.

Dhana: Ukizidisha vidonge, moyo unalindwa zaidi.
Jaribio la VITAL la Marekani, lenye watu 25,871, liliwapa nusu yao gramu 1 ya mafuta ya samaki kwa siku kwa takriban miaka mitano. Matukio makubwa ya moyo, yakijumlishwa, hayakupungua kwa kiasi cha kuaminika. Dozi kubwa nazo zimehusishwa na mapigo ya moyo kwenda ovyo.

Kabla sijaondoka akaniuliza kuhusu mkewe, mjamzito, anayekunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila siku. Nikamwambia amwachishe leo, kisha waende kliniki: ini hubeba vitamini A nyingi, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.