Kuna testi ya jeni ya kujua yai zuri? Maswali mnayoniuliza kuhusu IVF

Mimi ni nesi, kazi yangu miaka hii yote imekuwa na wanawake wanaotafuta mtoto hapa Nairobi, na wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kimoja: ati kuna testi ya jeni inayopima ubora wa mayai kabla ya IVF, ile ya kutungisha mimba maabara, ni ya ukweli ama ni pesa inatafutwa? Nimeona nijibu pamoja na yale maswali mengine yanayokuja nayo, maana yanashikana.

Sista, AMH yangu imerudi 0.6, wamesema iko chini sana. Sasa mayai yangu ni mabaya?

Hapana, na hili nalikazia kwa sababu limeliza watu wengi. Juzi nilimkuta dada mmoja amekaa kwa ngazi nje ya maabara, ile karatasi ya majibu ameikunja ikabaki ndogo kama tikiti ya basi, anasema tu "mimi nimeisha sista, nimeisha". Ana miaka 31. AMH ni homoni inayotoka kwa seli za vile vifuko vidogo vidogo vya mayai kwa ovari, kwa hivyo inakuonyesha akiba imebaki kiasi gani na inamsaidia daktari kupanga dozi ya sindano, basi. Ni kama kuangalia gunia la mahindi limebaki nusu ama robo, hapo hujajua kama mahindi yenyewe ni mazima ama yameoza. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2017, walifuata wanawake karibu 750 wa miaka 30 hadi 44 ambao walikuwa wameanza tu kutafuta mimba kwa njia ya kawaida, na wenye AMH ya chini walishika mimba karibu sawa na wenzao. Kwa IVF ni kweli utatoa mayai machache, hilo sikufichi, lakini machache si mabaya.

Kwani ubora wa yai ni nini hasa?

Kubwa kabisa ni kromosomu, yaani vile vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli. Ulizaliwa na mayai yako yote, kama milioni moja hadi mbili, ukibalehe yamebaki laki tatu ama nne hivi, na yatakayopevuka maisha yako yote ni kama 400 hadi 500. Sasa hayo mayai yalianza kugawanya kromosomu zake ukiwa bado tumboni mwa mamako halafu yakasimama kazi ikiwa katikati, yanangoja. Yai litakalotoka mwezi huu ukiwa na miaka 38 limengoja zaidi ya miaka 38. Kuna protini zinazoshika kromosomu pamoja kama kamba, na kamba hizo zinalegea kadiri miaka inavyoenda, ndiyo unapata yai limebaki na kromosomu 22 ama 24 badala ya 23. Embrio, yaani kile kiini cha mtoto kinachoanza yai likishaungana na mbegu, ikitoka kwa yai kama hilo mara nyingi haishiki, ama mimba inashika na kutoka mapema, na chache zinafika mwisho, kama mtoto wa Down ambaye ana kromosomu namba 21 tatu. Mama akiwa na miaka 35 uwezekano huo ni kama 1 kwa 350, akiwa na 40 ni kama 1 kwa 100. Na kuanzia hiyo 40, zaidi ya nusu ya embrio zinazopimwa huwa na hitilafu ya kromosomu.

Kuna mengine pia, kama mitokondria zinazolipa yai nguvu ya kujigawanya siku za kwanza, lakini mpaka leo kitu kinachotabiri ubora wa yai kuliko testi yoyote ni tarehe yako ya kuzaliwa. Naandika hivi nikijua inauma.

Hizo alama za jeni za kuonyesha yai ni zuri wanapima wapi, na si wataharibu yai?

Yai haliguswi kabisa. Siku ya kutolewa mayai, haya mayai hayaji yakiwa uchi, kila moja linakuja limevaa wingu la seli zinaitwa kumulasi. Niliwahi kuonyeshwa kwa skrini ya darubini nikashangaa, yai lenyewe ni nukta tu, upana wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini limezungukwa na ute mzito, embriolojisti akiuvuta na pipeti unavutika kama mrenda. Kama mtafanyiwa ICSI, ile ya kudunga mbegu moja ya mwanaume ndani ya yai, lazima huo ute na hizo seli zivuliwe kwanza, na kawaida zinatupwa.

Sasa watafiti wakajiuliza, mbona tutupe? Yai na seli zake huwa zinaongea. Yai linatoa protini kama GDF9 na BMP15, seli za kumulasi zikipata huo ujumbe zinawasha jeni zake, mojawapo inaitwa HAS2 na hiyo ndiyo inayotengeneza ule ute wenyewe. Kwa hivyo wazo ni kwamba yai likiwa na nguvu linatuma ujumbe vizuri na majirani wake wanaitika kwa sauti, likiwa dhaifu wanaitika kwa kunong'ona. Mwaka 2004 ulitoka utafiti ulioonyesha HAS2 na nyingine mbili, PTGS2 na GREM1, zilikuwa juu zaidi kwa seli zilizotoka kwa mayai ambayo baadaye yalitoa embrio nzuri. Hapo ndipo watu wengi wakaingia hii kazi.

Na mnielewe, hapa hawatafuti ugonjwa wa kurithi kwa ukoo wenu. Wanapima jeni imewashwa kiasi gani siku hiyo, kwa yai hilo moja.

Kama ni kitu kizuri hivyo mbona si kila kliniki inafanya?

Kwa sababu bado haijathibitishwa kwamba inaongeza watoto wanaozaliwa, na mimi hapo ndipo ninaposimama. Maabara moja ina orodha yake ya jeni, nyingine ina yake, na hazilingani. Umri wa mama, dawa za sindano alizotumia, hata hali kama PCOS, ile ya homoni kuvurugika na ovari kujaa vifuko vidogo, vyote vinabadilisha hizo seli, sasa unajuaje unachosikia ni yai ama ni dawa? Halafu kazi yenyewe ni ngumu, kinachopimwa ni RNA, ile nakala ya ujumbe ambayo jeni iliyowashwa inatoa, na hiyo inaharibika upesi sana, seli lazima zigandishwe mara moja, na kila yai likae kwa kisahani chake na namba yake mpaka mwisho, ukichanganya tu basi hujui majibu ni ya yai gani. Hata Ulaya na Marekani bado si kipimo cha kawaida cha kila mgonjwa. IVF si ngeni kwetu, watoto wa kwanza wa IVF hapa Kenya walizaliwa Nairobi 2006, lakini hii ya kumulasi ukiuziwa kama kitu cha uhakika, uliza maswali.

Na tafadhali mtu asikushawishi yai litupwe kwa sababu "alama" zake ni mbaya. Yai ambalo limeungana na mbegu likawa embrio na linakua, liachwe likue.

Na PGT-A, si hiyo inapima kromosomu moja kwa moja?

Ndiyo, lakini inapima embrio, si yai. Embrio ikifika siku ya 5 ama 6 wanatoa seli chache za upande utakaokuwa kondo la nyuma. Ile ya yai lenyewe inaitwa kupima pola bodi, yaani kile kifuko kidogo ambacho yai linatupa humo kromosomu zake za ziada, ukikisoma unajua yai limebaki na nini. Waliijaribu kwa wanawake wa miaka 36 hadi 40 kwa kliniki kadhaa za Ulaya na Israeli, majibu yakatoka 2018: waliopimwa na wasiopimwa walipata watoto sawasawa, kama asilimia 24, ila waliopimwa walirudishiwa embrio mara chache na mimba zao zilizotoka zilikuwa chache kuliko za wenzao. Kwangu hiyo si kitu kidogo, mimba kutoka ni maumivu. Lakini kipimo hakitengenezi yai zuri, kinachagua tu kati ya yale uliyonayo, na kama una embrio moja unachagua nini?

Nimefanya mara mbili, mayai yanatoka mengi lakini yote yanakataa kukomaa. Nirudie tu?

Wewe dada, hebu simama kwanza. Kawaida kwa mayai kumi, manane hivi huwa yamekomaa. Yakikataa yote, mara mbili, na dawa zilipangwa vizuri, hapo jeni inaweza kuwa ndiyo sababu kweli, na inapimwa kwa damu yako. Iko moja inaitwa TUBB8, ikiwa na hitilafu yai linashindwa kujenga zile nyuzi za kuvuta kromosomu na linakwama. Hapa testi ya jeni inaweza kukuokolea mzunguko wa tatu wa IVF, na mnajua mzunguko unavyokula laki baada ya laki. Vilevile kama hedhi imekatika kabla ya miaka 40, uliza kuhusu jeni inayoitwa FMR1, na hiyo ndugu zako wa kike pia inawahusu.

Kuna dawa ya kuboresha mayai?

Acha sigara na shisha, hizo zinaharibu mayai bila ubishi. Foliki asidi kunywa, ni ya kumlinda mtoto. Zile chupa za bei ghali za mitandaoni, mimi singezinunua kabla daktari hajaziona.

Nina miaka 41, pesa yangu ni ya mzunguko mmoja tu, na wameongeza testi ya jeni za mayai kwa bili. Nilipe?

Usilipe leo. Waulize majibu yakitoka vibaya wao watafanya nini tofauti, wakikosa jibu la maana hiyo pesa iweke ya kugandisha embrio ama ya kurudishiwa mara ya pili. Waulize wanawake wa miaka 41 kwao hapo wanaozaa ni wangapi kwa mia, wanaozaa, si wanaopata mistari miwili kwa kipimo cha mkojo. Uliza kama mzee amepimwa mbegu, maana karibu nusu ya hizi kesi mwanaume yumo ndani na bado mnabebeshwa nyinyi peke yenu. Andika hayo maswali kwa karatasi na umpe mzee ashike, kwa sababu ukishaingia mle ndani na ile hofu, utayasahau yote.