Umeme wa seli na sukari ya ORS: dhana potofu na ukweli

Goma tunakijua kipindupindu. Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi hapa. Ndiyo maana dhana ya kwanza, kuhusu ORS (pakiti ya chumvi na sukari ya kukoroga katika maji kwa anayehara), inaniuma kuliko nyingine.

"Sukari ya ORS ni ya kuleta ladha tu."
Sivyo. Ndani ya seli ya utumbo mwembamba kuna chaji hasi, na sodiamu (iliyomo katika chumvi) ni chache kuliko nje. Sodiamu, yenye chaji chanya, inavutwa ndani kwa sababu hizo mbili. Lakini kuna mlango, protini kwenye utando wa seli, ambao hauipitishi mpaka glukosi, yaani sukari ya ORS, iwepo: sodiamu mbili kwa glukosi moja, na maji yanafuata. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza utaratibu huu Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli zimwage kloridi na maji, ila mlango huo inauacha mzima. Tunaokolewa na hapo tu! Basi mama anayekoroga pakiti ya lita moja katika chupa ya nusu lita "ili dawa iwe kali" anamuumiza mtoto: chumvi inamzidi, na sukari isiyonyonywa inavuta maji zaidi utumbini.

"Umeme uko kwenye neva na moyo tu."
Kila seli hai inao. Neva iliyotulia ina takriban milivolti 70, hasi ndani. Ni kidogo, lakini utando una unene wa nanomita 5 hivi, kwa hiyo nguvu ya umeme huo inafika volti milioni 14 kwa mita. Na hazipiti elektroni kama kwenye waya; zinapita ioni, yaani chembe zenye chaji kama sodiamu na potasiamu.

"Pampu ndiyo inayotengeneza umeme wote."
Hata wanafunzi wa udaktari huikosea hii. Pampu hii, protini nyingine ya utando aliyoieleza mwanasayansi Jens Christian Skou mwaka 1957, hutoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2, na mchango wake wa moja kwa moja ni mdogo. Chaji kubwa hutokana na potasiamu inayovuja kurudi nje na kuacha chaji hasi nyuma. Anayehara sana hupoteza potasiamu, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika. Ndiyo maana pakiti ina potasiamu, nayo chumvi na sukari za jikoni hazina.

"Serumu ya mshipa ni bora kila mara."
Anayeweza kunywa, anywe. Aliyelegea, macho yameingia ndani, hawezi kumeza, huyo akimbizwe kituo cha afya awekewe serumu, kisha aendelee na ORS mara akiweza kunywa.