Kikapu cha Yugoslavia hakikufa na nchi
Wapenzi wengi wa mpira wa kikapu huamini kwamba Yugoslavia ilipovunjika miaka ya 1990, umahiri wake ulizikwa nayo. Inaeleweka: bingwa wa dunia wa 1970, 1978 na 1990 haonekani tena kwenye orodha.

Kilichopotea ni jina. Hata mwaka 2002, Serbia na Montenegro zilitwaa ubingwa wa dunia kwa jina hilohilo la Yugoslavia. Croatia ilipata fedha ya Olimpiki 1992, Slovenia, yenye watu takriban milioni mbili tu (inastaajabisha kweli!), ikawa bingwa wa Ulaya 2017, Serbia ikapata shaba Paris 2024.

Ukitaka kuhakiki, pitia orodha za medali ukitafuta nchi zote zilizozaliwa pale.