Rieko si alama za mtihani

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye harambee ya karo hapa Kisumu. MC akamsimamisha kijana aliyepata A, akatangaza: "Huyu ana rieko! Kwao wote ni vichwa!" Makofi. Mdogo wake, aliyeteka maji alfajiri, akapanga viti, kisha akamkumbusha baba yao dawa ya presha, hakutajwa.

Rieko, kwa Dholuo, lugha ya Waluo, ni maarifa na ujuzi. Tunaitafsiri "akili", na hapo si vibaya. Ubaya unaanza tunapoifanya ndiyo akili yote.

Mwaka 2001, wanasaikolojia Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao walichapisha utafiti wa kijiji kimoja cha Waluo kuhusu maana ya kuwa na akili. Yalitoka maneno manne. Rieko mnaijua. Winjo inatokana na kusikia, kama tunavyosema "mtoto msikivu" bila kuzungumzia masikio. Paro ni kuwaza, hata ukaanza jambo kabla ya kutumwa. Luoro ndiyo inayoniuma tunapoiacha nje: humo mna uoga na heshima, na huwezi kuvitenga. Wanaodhani hiyo ni tabia tu, si akili, waliangalie neno lenyewe "akili". Tumelitoa Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kumfunga ngamia mguu asitoroke. Kujizuia kumo ndani tangu mwanzo.

Kati ya hayo manne, ni rieko peke yake iliyokwenda sambamba na alama za Kiingereza na hesabu. Hayo mengine hufundishwa nyumbani, wala hayana karatasi ya mtihani.

Kule Usenge, Siaya, watafiti hao waliwauliza watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kuhusu miti shamba: dawa ipi, ya ugonjwa gani, kipimo gani. Waliojua zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini kwenye mtihani wa msamiati. Majani hayapunguzi akili, jamani. Jioni ni moja. Nyumba hii inamkalisha mtoto na kitabu, ile inamtuma akachume dawa ya homa ya nduguye.

Kwa hiyo, MC wangu, kijana ni riek, yaani ana rieko kweli, sibishi. Ila uliposema "kwao wote" ungemwita na yule mdogo aliyetupokea langoni, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Yake inaitwa luoro, na paro pia anayo.