Kabla ya Freddie Mercury palikuwa na Siti

Kijana anayetembeza watalii aliwasimamisha wageni wake Shangani, mbele ya ile nyumba yenye picha za Freddie Mercury, akawaambia huyu ndiye Mzanzibari wa kwanza ambaye muziki wake ulivuka bahari. Mimi nipo barazani na kikombe changu cha kahawa, nikanyamaza; mtu hakatizwi akiwa kazini. Wageni walipoingia duka la kanga nikamwita. "Kwani nimekosea wapi, ami?" Nikamsogezea kashata, akakaa, nikaanza kumpangulia moja moja yale watu wanayokosea.

"Wa kwanza kuvuma nje ni Freddie Mercury." Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie, alizaliwa hapa mwaka 1946, mtoto wa Kiparsi, na hilo halina ubishi. Lakini mwaka 1928, miaka 18 kabla hajazaliwa, Siti binti Saad alipanda meli na wapigaji wake mpaka Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Na Siti hakutoka nyumba ya kitajiri. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, wakati utumwa Unguja bado ni halali (ulifutwa 1897), na jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina la ukubwani. Shule hakupata. Alikuja mjini na vyungu vya kuuza, akivinadi mlango kwa mlango, na husimuliwa kwamba watu walikuwa wakitoka nje kwa ajili ya ile sauti, chungu baadaye. Wako waliomkebehi kwa kaniki aliyojia nayo mjini. Aliwajibu kwa wimbo: sura na nasaba si kitu, hasara ni mtu kukosa akili.

"Basi Siti ndiye aliyeanzisha taarab." Hapana, na kumpa sifa isiyo yake ni kumpunja ile iliyo yake. Taarab ilikuwapo kasri tangu enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 na kumtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa 1905, Siti bado hajavuma. Ila taarab hiyo iliimbwa Kiarabu, na wasikilizaji wake ni watu wa jumba na jamaa zao. Siti aliileta mitaa ya Ng'ambo hapa mjini, akaiimba kwa lugha ya sokoni, akatia humo mambo ya watu. Wimbo wake mmoja unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa hapa Unguja: muuaji akatoroka, wakafungwa wanawake waliokuwa wenyeji wake. Hebu fikiria, mahakama ni ya wakubwa, na mwanamke wa Fumba anawaimbia hukumu yao ndani ya santuri!

"Bi Kidude alikuwa mwimbaji wa taarab, akafa na miaka 113." Fatuma binti Baraka, ndilo jina lake, alifariki 17 Aprili 2013, lakini mwaka wa kuzaliwa hakuna mwenye cheti chake, kwa hiyo kila anayetaja umri kamili anakisia. Na taarab ni nusu ya habari. Alikuwa somo wa unyago, akiwafunda wari, na aliyemwona jukwaani Ngome Kongwe anakumbuka: ngoma ya msondo imefungwa kiunoni kwa kanga, bibi ameipanda kama farasi, na mikono ile miembamba inatoa kishindo ambacho wapigaji vijana walikuwa wakikitafuta bila kukipata. Nyimbo za Siti alizipata kwa kusikiliza tu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX, na sigara yake hakuiacha.

Kijana akanikatiza. "Lakini Gurnah ndiye Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya fasihi, hilo nina hakika." Hata hilo! Wole Soyinka wa Nigeria aliipata 1986. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliipata 2021, baada ya miaka mingi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Kent. Tena wengi hudhani vitabu vyake ni vya Kiswahili. Huandika Kiingereza, "Peponi" tunayoisoma sisi ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Nikamuuliza kama anamjua Lubaina Himid. Hamjui. Mchoraji, kazaliwa hapa 1954, akachukuliwa Uingereza bado mchanga, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa tuzo ya Turner, ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63. Ya mpira sikuyagusa sana, maana tungekesha hapo. Nilimkumbusha tu wale wanaosema Zanzibar haijawahi kutwaa kombe, kwamba la CECAFA la 1995 lilikuja visiwani.

Wageni wakaanza kutoka dukani na mifuko yao. Kijana akasimama, akajikung'uta makombo ya kashata.

"Sasa, ami, hawa wakitaka kumjua Siti niwapeleke wapi?"

Nikamwambia awapandishe daladala ya Fumba.